Utafiti Usio na Mgonjwa Hata Mmoja

Jina la nchi hii liko kwenye kamati, na kamati ikimaliza vikao vyake tutalitangaza mara moja. Kwa sasa itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani, yenye wimbo mrefu wa taifa, na yenye wizara mbili pale ambapo nchi nyingine zinajibana na moja. Rais wa kwanza aliitembelea Wizara ya Afya siku moja akaikuta imejaa wagonjwa. Alisikitika mno. Aliuliza wizara ya afya inawezaje kujaa watu wasio na afya, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumjibu, kesho yake zikatangazwa wizara mbili: Wizara ya Afya kwa ajili ya wasioumwa, na Wizara ya Maradhi kwa ajili ya wanaoumwa.

Majengo ya wizara hizo yanatazamana, na katikati inapita Barabara ya Uhamisho. Upande wa Afya kuna bustani, chemchemi, na viti vya kupumzikia watu ambao hawajachoka. Upande wa Maradhi kuna foleni. Raia akiugua hujaziwa Fomu ya Uhamisho, fomu ikishagongwa mihuri saba huvushwa barabara, na tangu siku hiyo Wizara ya Afya haimjui tena. Jina lake hukatwa kwa wino mwekundu na pembeni huandikwa "Amehama". Kwa utaratibu huo wa kupendeza, Wizara ya Afya ilikuwa imekaa miaka mingi bila mgonjwa hata mmoja, na mabalozi walikuja kutoka mbali kujifunza siri yake.

Katika wizara hiyo alifanya kazi nesi aitwaye Siwema. Miaka ishirini na miwili nyuma, Siwema akiwa binti wa miaka ishirini na mitatu, walikuja wataalamu wawili kutoka nje, wamevaa kandambili, wamebeba mizani. Walitaka kuwafuata wanawake elfu arobaini kwa muda wa miaka thelathini: wanakula nini, wamezaa mara ngapi, wamenyonyesha kwa muda gani, wanapikia kuni au mkaa, wanafanya kazi gani. Halafu waone ni nani atapata saratani na kwa nini, ili mabinti wa kesho waokolewe mapema. Siwema alilipenda wazo hilo kuliko alivyowahi kumpenda mchumba yeyote, na wachumba wawili walimwachia nafasi wenyewe. Wataalamu walipomaliza kuandikisha wanawake walifungasha wakaondoka, na utafiti ukabaki mikononi mwa Wizara ya Afya.

Hapo ndipo maendeleo yalipoanza.

Mkurugenzi wa utafiti, Profesa Mgalula, alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza watoto. Aliichukua fomu ya wataalamu, kurasa kumi na moja, akaisafisha. Swali la themanini na nane lilikuwa likiuliza kama titi lina uvimbe, na majibu yake yalikuwa "Ndiyo" na "Hapana". Profesa aliona hayo yanawachanganya wahojaji, akaweka "Hapana" na "Hapana kabisa". Siwema aliinua mkono kikaoni akauliza mwanamke mwenye uvimbe atawekewa alama wapi. Profesa alimweleza taratibu kwamba mwenye uvimbe ni mgonjwa, mgonjwa ni mtu wa Maradhi, na mtu wa Maradhi hawezi kuwamo katika utafiti wa afya. Kwa hiyo kisanduku chake hakihitajiki. Wajumbe wakampigia Siwema makofi kwa kuuliza swali zuri.

Basi kila mwezi wa Machi Siwema alizunguka Kata ya Mbugani na mizani yake na utepe wake wa kupimia. Alipewa wanawake mia sita na kumi na wawili, akawajua wote kwa namba na kwa majina ya utani. Aliyemkuta na uvimbe alimjazia Fomu ya Uhamisho, akampa mkono wa kwaheri. Ndani ya miaka hiyo aliwahamisha thelathini na tisa. Yaliyowapata ng'ambo hakuyajua, kwa sababu mtumishi wa Afya kuulizia habari za Maradhi ni sawa na kutamani ugonjwa, na jambo hilo lina adhabu yake kwenye kanuni. Lakini lilimkaa rohoni, na Machi ilipokaribia alikuwa haoni raha ya chakula.

*

Mwaka huu wa ishirini na mbili alifika kwa mshiriki namba 0417, Mama Chausiku, mshonaji wa magodoro ya sufi. Mama huyu hakuwahi kukosa hata mwaka mmoja. Alimpokea Siwema na sufi kichwani, akamkalisha juu ya godoro ambalo halijafungwa, akaanza kujibu maswali kabla hayajaulizwa, kwani alikuwa ameyahifadhi. Watoto sita. Mkaa, na kuni mkaa ukipanda bei. Chumvi kiasi. Mume mmoja, naye amekufa, usiandike tena.

Kwenye swali la themanini na nane vidole vya Siwema vilisimama. Upande wa kushoto, chini kidogo ya kwapa, palikuwa na kitu kigumu chenye ukubwa wa punje ya kunde. Alikisukuma, hakikusogea.

"Huo ninao tangu Desemba," Mama Chausiku alisema, akitazama dari.

"Mbona hukumwambia mtu, mama?"

"Nimwambie nani? Nilikuwa nakusubiri wewe, mwanangu. Nilijua Machi unakuja. Mtu ameniuliza habari za matiti yangu miaka ishirini na miwili, mimi nikajua tu huyu anayo dawa yake."

Siwema alishika kalamu asijue aweke alama wapi. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayompanda mtu hadi masikioni. Miaka yote hiyo alikuwa ameingia nyumba hii na mizani, akanywa chai, akaondoka na majibu, na mwenye nyumba akaamini kwamba majibu yale yanakwenda mahali fulani kumpikia dawa.

*

Alirudi wizarani mbio akakuta hakuna wa kumsikiliza, kwa kuwa wizara nzima ilikuwa kwenye matayarisho ya Sherehe ya Sifuri. Takwimu zilikuwa zimetoka: wanawake elfu thelathini na moja, mia mbili na sita wamefuatiliwa kwa miaka ishirini na miwili, wenye saratani sifuri. Hakuna aliyeuliza wanawake elfu arobaini walipunguaje. Katikati ya Barabara ya Uhamisho mafundi walikuwa wakisimamisha sifuri ya zege, ndefu kuliko nyumba ya ghorofa mbili. Ilikuwa ya pili, maana ya kwanza ilitoka kama yai ikavunjwa kwa amri ya Baraza la Mawaziri.

Profesa Mgalula alimsikiliza Siwema akiwa amefumba macho, kama afanyavyo kwa kila mtu. Kisha akamwambia kwamba kwa mujibu wa takwimu uvimbe huo haupo, na kwamba angemshauri asiushike tena. Siwema akaomba Fomu ya Uhamisho. Profesa akasikitika: uhamisho wote umesimamishwa hadi sherehe ipite, ili hesabu isitikisike mbele ya wageni.

"Na sherehe ni lini, Profesa?"

"Zege likikauka."

Siwema akasema basi watasubiri zege. Lakini Profesa alikuwa na habari nyingine, na hiyo aliitoa huku akitabasamu. Kamati ilikuwa imemtafuta mshiriki ambaye hakukosa hata mwaka mmoja, imvishe nishani ya Mwanamke Mzima wa Taifa. Ilipekua madaftari ya kata zote, na jina lililopatikana lilikuwa moja tu. Mama Chausiku angevishwa nishani na Waziri mwenyewe, halafu angezungushwa nchi nzima kwa mwaka mmoja, aonwe na wananchi jinsi alivyo mzima. Katika mwaka huo, bila shaka, asingeweza kuhamishwa.

"Mwaka mmoja, Profesa? Atakufa."

"Sista Siwema," Profesa alisema kwa upole wake wote, "hakuna mtu aliyewahi kufa katika utafiti huu. Tafadhali usiwe wa kwanza kuleta mambo hayo."

Jioni ile ile Mama Chausiku alichukuliwa na gari lenye bendera, akapelekwa kwenye nyumba ya wageni wa serikali. Aliwekewa walinzi wawili wa kulinda afya yake, nao walimlisha mapapai asubuhi, mchana na jioni.

*

Siku ya pili, saa ya chakula cha mchana, Siwema alipiga moyo konde akavuka barabara. Mlinzi wa geti la Maradhi alimuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Mlinzi alikosa la kufanya, kwa sababu kanuni zake zilikuwa za wanaoumwa wenye fomu na wanaoumwa wasio na fomu. Mwishowe akamwandika kwenye kitabu cha wageni kutoka nchi za nje.

Mtunza kumbukumbu wa Maradhi, Bwana Kondo, alikuwa mtu mwembamba aliyezoea kulaumiwa. Kila mwaka wizara yake ilitoa taarifa kwamba watu wake wote wanaumwa, asilimia mia moja, na kila mwaka Bunge liliikaripia kwa uzembe. Siwema alipomweleza anachotafuta, alimpeleka nyuma kwenye mashelfu. Pale yalikuwapo mafaili elfu nane, mia saba tisini na nne, na kila moja lilikuwa na namba ya utafiti kwenye kona. Sehemu iliyopotea ya kazi yake ilikuwa imekaa hatua chache kutoka mezani pake kwa miaka ishirini na miwili, imefunikwa gazeti isiingie vumbi.

"Nilijua siku moja atakuja mtu kuulizia," Bwana Kondo alisema. "Sikudhani atachelewa hivi, dada."

Siwema alikaa chini sakafuni akatoa mafaili yake thelathini na tisa. Yalikuwa na mwandiko wake mwenyewe. Akafanya kile alichofundishwa na wale wataalamu wa kandambili: akachora jedwali. Aliandika moshi, chumvi, watoto, umri, kunyonyesha. Kila kimoja kilionyesha kidogo cha kwake. Kisha, kwa kuwa tarehe zilikuwapo, akaandika idadi ya siku kati ya yeye kuukuta uvimbe na mwanamke kuvuka barabara. Waliovuka ndani ya siku sitini walikuwa kumi na mmoja, na tisa kati yao walikuwa hai, mmoja wao ndiye aliyekuwa akiuza ndizi pale getini. Waliosubiri mihuri zaidi ya siku sitini walikuwa ishirini na wanane. Hai walikuwa wanne.

Hakuhitaji kompyuta. Hatari kubwa kuliko zote iliyowakabili wanawake wa nchi ile ilikuwa barabara yenye upana wa mita ishirini, na yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia wasubiri. Siwema alilia pale chini mpaka Bwana Kondo akamletea maji, akasimama pembeni akisoma mgongo wa faili ambalo halikuandikwa kitu.

Alipotulia akamuuliza kama kuna njia ya mtu kuingia Maradhi bila fomu. Bwana Kondo alisema ipo, kifungu cha tisa: mtu akikutwa anaumwa ndani ya uzio wa Maradhi, huyo ni wa Maradhi, hata angekuwa nani. Sharti awe ameingia kwa miguu yake mwenyewe, asisukumwe wala kubebwa na mtumishi wa Afya. Shida ilikuwa geti, ambalo hufungwa mwaka mzima. Lakini siku ya Sherehe ya Sifuri lingekuwa wazi, kwa sababu wagonjwa walikuwa wameamriwa watoke nje kupiga makofi.

*

Zege lilikauka siku ya kumi na saba. Asubuhi ya sherehe Siwema alitumwa kumvalisha mshindi utepe wa rangi za bendera. Walinzi walikuwa wanakula mapapai kibarazani, kwani Mama Chausiku alishayakinai. Siwema alipiga magoti mbele yake kufunga pini, na akiwa pale chini akamwambia yote: faili, jedwali, siku sitini, geti.

"Dawa mimi sina, mama. Sijawahi kuwa nayo. Dawa iko ng'ambo ya barabara, na siruhusiwi kukushika hata mkono."

Mama Chausiku aliukagua utepe ule jinsi ulivyoshonwa, naye hakuridhika na pindo lake.

"Miaka yote hii nilidhani mnanitunza," alisema mwishowe. "Kumbe mlikuwa mnanihesabu."

Mama Chausiku akamuuliza Siwema kazi yake itakuwaje, naye akajibu kazi itajijua yenyewe. Basi mama akamwinua kutoka pale chini, akamfuta machozi kwa ncha ya utepe wa taifa.

Mkutano ulifana. Wanawake elfu mbili washiriki waliketi wamevaa fulana nyeupe zenye sifuri kifuani. Waziri wa Afya alihutubia kwa saa moja na nusu. "Ndugu wananchi," alisema, "wapo wanaodhani sifuri ni namba ndogo. Sifuri ni namba iliyojitosheleza. Nchi nyingine zinahangaika na dawa za saratani. Sisi hatuna dawa hizo, na hatuna kwa sababu hatuna haja nazo." Akaendelea kueleza kwamba sayansi imethibitisha jambo kubwa: kwa kuwa hakuna mshiriki mwenye saratani, basi kushiriki utafiti ndiyo kinga yenyewe. Kuanzia wiki ile wake wa viongozi wote walikuwa wameandikishwa, wa kwake akiwa wa kwanza, na yule pale mstari wa mbele. Mkewe alipunga mkono akiwa ameubana mkoba wake kifuani.

Mama Chausiku alivishwa nishani, akapewa kipaza sauti aseme "Asante", kama ratiba ilivyoagiza.

"Asante," alisema. "Mheshimiwa, miaka ishirini na miwili nimejibu maswali yenu, sikukosa hata moja. Leo mimi nina moja tu. Mkishajua, mnafanya nini?"

Waziri alimtazama Profesa. Profesa alitazama ratiba, na swali halikuwamo. Waziri akasema ni swali zuri sana na litaundiwa kamati. Mama Chausiku akaitikia kwa kichwa, akavua utepe, akaukunja mara nne kwa mkono wa mtu aliyeshona maisha yake yote, akamkabidhi Waziri. Kisha akashuka jukwaani akaanza kuvuka barabara.

Hakuna aliyemzuia. Askari wa usalama barabarani aliiona nishani, akapiga saluti, akasimamisha msafara mzima wa magari. Siwema alibaki upande wa Afya, mikono nyuma, akihesabu hatua za mama yule. Kando ya sifuri ya zege Mama Chausiku alisimama kidogo kupumua, kisha akaendelea. Getini alikuwepo Bwana Kondo na daftari lake.

"Unaumwa, mama?"

"Naumwa."

"Umeingia mwenyewe?"

"Kwa miguu yangu hii."

Akagonga muhuri mmoja tu, na mlio wake ulisikika hadi jukwaani. Ikafuata sauti ya kiti. Mwanamke mmoja mwenye fulana nyeupe alisimama, akavuka. Kisha wawili. Kisha mstari mzima wa Kata ya Mbugani. Siwema, kwa mazoea ya kazi, aliwahesabu: themanini na watatu. Wa themanini na tatu alikuwa mke wa Waziri, na mkoba wake bado ulikuwa kifuani.

*

Mama Chausiku alipasuliwa Alhamisi. Waliondoa titi la kushoto, na daktari, mtu asiyependa kuzungumza, alisema amewahi. Siwema alimwaga unga siku ile ile, ingawa barua ya kumfukuza ilikiri kwamba hakuna madhara yaliyotokea: waliovuka wamehama, waliobaki wote ni wazima, na sifuri imebaki pale pale.

Jedwali lake lilifika hadi Baraza la Mawaziri. Tusiwaonee, walilisoma kwa makini na wakashtuka sana. Waliona wazi kabisa kwamba wanaovuka wakiwa wamechelewa wanakufa. Wakapiga marufuku kuchelewa. Tangu hapo mwanamke mwenye uvimbe uliozidi siku sitini hapokelewi Maradhi, na ndani ya robo ya kwanza vifo vya Maradhi vilipungua kwa nusu, Waziri wa upande ule akapongezwa bungeni kwa mara ya kwanza katika historia. Siku za mke wa Waziri zilihesabiwa kwa kalenda nyingine.

Kwa hiyo Siwema hana wizara sasa, na anatembea zaidi kuliko zamani. Siku sitini si nyingi, na mwanamke anayengoja kuulizwa mara moja kwa mwaka zitampita akiwa anapika. Anazunguka Mbugani kila wiki, bila mizani, bila fomu. Amefuatana na Mama Chausiku, ambaye amewaachia binti zake magodoro. Kuna wanawake wanaoona haya, wanaosema wao wazima, wageni wakaribie chai tu. Hao Siwema huwaachia mwenzake. Mama Chausiku hana swali la kwanza wala la themanini na nane. Hufunga mlango, hufungua vifungo vya blauzi yake, akamwacha mwenye nyumba atazame kovu mpaka atosheke. Kisha humshika mkono.

"Sasa na wewe," humwambia.